Baka Jeupe la Kinywa: Lukoplakia na Jina Lake la Kiswahili

Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa yapoe hushika utando. Nyumba yoyote ya Kilimanjaro inayofuga ng'ombe bandani, kuanzia Machame hadi Rombo, inaujua: ni ngozi nyepesi yenye mikunjo, unaishika kwa ncha ya kijiko, unaiinua yote, na maziwa yaliyo chini yake yako vilevile. Ndiyo maana neno utando hutujia kwa wepesi kila tunapotaka kutaja weupe uliojitokeza ndani ya kinywa cha mtu. Mtoto mchanga ana utando mweupe ulimini. Mgonjwa aliyetumia dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu ana utando mweupe kwenye kaakaa. Na mzee ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akiweka ugoro nyuma ya mdomo wa chini, naye tunasema ana utando mweupe. Kwa wawili wa kwanza neno limekaa mahali pake. Kwa huyu wa tatu limepotea njia, na upotevu huo unaweza kuishia kwenye kukatwa ulimi au taya, au kwenye kifo. Kile ambacho matabibu hukiita lukoplakia kinastahili kuitwa kwa Kiswahili baka jeupe la kinywa, na kisiitwe utando kamwe, kwa sababu tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ambayo mtu anapaswa kuijua anaposimama mbele ya kioo na kufungua kinywa chake.

Lukoplakia ni jina lililoundwa kwa Kigiriki na daktari wa ngozi wa Hungaria, Ernő Schwimmer, mjini Budapest mwaka 1877. Sehemu ya kwanza ina maana ya weupe, na ya pili ni kitu bapa, mfano wa kigae au bamba. Schwimmer alitaja alichokiona kwa macho tu. Baadaye Shirika la Afya Duniani lililiwekea jina hilo mipaka: ni baka jeupe ambalo haijulikani litaleta hatari kiasi gani, na huitwa hivyo baada ya tabibu kuondoa kwanza magonjwa mengine ya weupe yasiyoongeza uwezekano wa saratani. Yaani mtu hafiki kwenye jina hili moja kwa moja, hulifikia kwa kuchuja. Baka lenyewe si saratani. Wengi walionalo hawatapata saratani kamwe, na mapitio ya tafiti yanakadiria kwamba baka hugeuka kuwa saratani kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi. Baka hili lina ndugu aliye hatari zaidi, baka jekundu, ambalo matabibu huliita erithroplakia. Halionekani mara nyingi, lakini watafiti Shafer na Waldron, waliochunguza mabaka 65 ya aina hiyo nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1975, waligundua kwamba zaidi ya tisa kati ya kila kumi yalikuwa tayari ni saratani au yamefika ukingoni mwake. Kinachoyaunganisha mabaka haya mawili ni kimya chake. Kwa kawaida hayaumi. Mtu hula, huongea na huimba kwaya akiwa nayo, na kipindi hicho cha kutouma ndicho ambacho kisu kidogo cha daktari kinaweza kumaliza kazi.

Anayetafsiri istilahi kama hii ana maneno kadhaa mezani, na kila moja lina tabia yake. Bamba jeupe lingekuwa tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kigiriki, ila bamba kwetu ni bati au chuma kilichofuliwa, na hakuna atakayetafuta bati mdomoni mwake. Gamba lina sura ya samaki au ya nyoka anayejivua, kitu kinachobanduka, kwa hiyo linarudia kosa la utando. Doa liko karibu zaidi. Lakini doa ni dogo, na kwa watu wa migombani doa la kwanza ni lile la utomvu uliorukia shati wakati wa kukata mkungu: ni uchafu uliotoka nje ukaangukia kitu safi, na jambo la kufanya ni kutafuta sabuni. Isitoshe, maeneo mengi ya Kilimanjaro na Arusha yana maji yenye madini mengi ya floridi, na tangu utotoni watu wameona meno yenye madoa meupe na ya kahawia yakichukuliwa kuwa alama ya maji ya nyumbani. Ukimwambia mtu wa huku kwamba ana doa mdomoni, atafikiri unazungumzia meno yake, na meno hayo amekwishayazoea.

Baka ni kitu kingine. Ng'ombe ana mabaka, chui ana mabaka, sare za askari zina mabaka, na katika yote hayo rangi ni ya kitu chenyewe. Huwezi kumfuta ng'ombe baka lake. Liko ndani ya ngozi, limekuwa pamoja nayo. Na hivyo ndivyo lukoplakia ilivyo ukiitazama kwa hadubini: tabaka la juu la ngozi laini ya kinywa limenenepa, seli zake zimejaa ugumu usiokuwapo mwanzo, na weupe unaoonekana ni unene huohuo unaozuia wekundu wa damu iliyo chini usipenye. Ukipitisha kitambaa safi chenye unyevu, hapatoki kitu. Utando wa fangasi, kwa upande wake, ni kundi la vimelea na seli zilizokufa lililotandazwa juu. Aghalabu ukiufuta kwa upole hutoka, na chini yake hubaki wekundu au tone la damu. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na kipimo hiki tayari kabla daktari yeyote hajakieleza. Tunachotakiwa ni kuacha kuyachanganya maneno.

Kuchanganya huko kuna madhara ambayo hayaishii kwenye kamusi. Tangu ukimwi uingie nchini, utando mweupe mdomoni umekuwa miongoni mwa dalili zilizotangazwa sana, na haki ilikuwa itangazwe, kwa sababu fangasi za kinywa huwapata kwa urahisi watu ambao kinga yao imeshuka. Lakini tangazo hilo liliacha kivuli. Mtu anayeona weupe shavuni mwake na ambaye jina pekee alilo nalo ni utando, anasikia ndani ya jina hilo swali ambalo majirani watamuuliza. Huuficha weupe huo. Hupiga mswaki kwa nguvu hadi fizi zitoke damu, husukutua kwa maji ya chumvi, hununua dawa ya fangasi duka la dawa bila kupimwa, na weupe usipoondoka hununua nyingine. Dawa ya fangasi hailigusi baka la ugoro. Miezi inakwenda, na kwa saratani ya kinywa miezi ndiyo kila kitu. Jina lingine lisilobeba kivuli hicho lingemwondolea mtu huyu angalau sababu moja ya kujificha.

Upande wa pili kuna pingamizi lenye uzito: baka ni neno pole mno. Watu wana mabaka ya kuzaliwa, mabaka ya jua, mabaka ya kuumwa na wadudu, na hawaendi hospitali kwa hayo. Je, hatutamlaza mtu usingizi? Naona jibu liko katika historia ya ugonjwa mwingine. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977, umewafundisha Watanzania kwa miaka mingi kwamba baka kwenye ngozi lisilouma, lisilowasha na lisilo na hisia ni la kupelekwa kituo cha afya. Somo hilo lilihitaji neno pole, kwa kuwa dalili yenyewe ni pole. Lingetumika neno la kutisha, mwenye baka asingejitambua ndani yake. Angesema ugonjwa huo mkubwa si huu wangu mdogo. Ukoma umelifundisha neno baka kubeba maana ya kitu kisichouma ambacho hata hivyo kina neno la kusema. Saratani ya kinywa inaweza kuupokea urithi huo ukiwa tayari.

Nimesema kinywa, na hapa pana ubishi mwingine, maana mitaani Moshi watu husema saratani ya mdomo, au kansa ya mdomo. Daktari naye husema fungua mdomo. Wafugaji wana ugonjwa wa miguu na midomo, ambao malengelenge yake yako pia ulimini na kwenye fizi, na hakuna aliyepotea kwa sababu ya jina. Kwa nini basi tumbebeshe mtu neno la darasani? Kwa sababu ng'ombe mwenye ugonjwa ule hutoka udenda, huchechemea na kugoma kula ndani ya siku chache. Ugonjwa humfuata mfugaji hadi nje. Saratani ya kinywa lazima ifuatwe ndani. Mdomo katika matumizi yetu huanza kama ule unaoonekana, wa juu na wa chini, na aliyeambiwa achunguze mdomo huutazama huo na kuridhika. Sehemu ambazo saratani hupenda ni zile zisizoonekana mtu akicheka: pembeni mwa ulimi, na chini ya ulimi pale mate yanapotuama. Kinywa ni pango zima, kuanzia nyuma ya midomo hadi kaakaa laini. Tena neno hili si geni kiasi hicho. Kliniki za afya ya kinywa na meno zinalo kwenye vibao vyake, na makanisani na misikitini husikika kila wiki.

Jina jema linapaswa pia kumwelekeza mtu kwenye chanzo. Baka jeupe la kinywa, mara nyingi, hukaa palepale ambapo kitu kimewekwa kila siku. Ugoro ukiwekwa nyuma ya mdomo wa chini, baka huwa nyuma ya mdomo wa chini. Tumbaku ikitafunwa upande wa kulia, shavu la kulia ndilo hubadilika. Tumbaku ya kuvuta husambaza madhara yake kote. Tumbaku isiyovutwa ni kisababishi cha saratani kilichothibitishwa, na hali huwa mbaya zaidi inapochanganywa na magadi au majivu: ukali huo huilegeza nikotini ipenye haraka, na ngozi laini hubaki ikiunguzwa pole pole. Sudan wana ugoro wao uitwao toombak, uliochanganywa na magadi, ambao umehusishwa kwa ushahidi mzito na saratani za kinywa za nchi hiyo. Pombe nayo haina msamaha, iwe mbege kwenye kata, bia ya chupa au gongo. Mwili huivunja kuwa kemikali inayoharibu seli, na mtu anayeunganisha pombe na tumbaku hajumlishi hatari mbili, anazizidisha moja kwa nyingine. Kuhusu popoo, ile inayofungwa kwenye tambuu, Afrika Mashariki ina nafasi yake katika vitabu vya tiba: mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz alieleza vinywa vya wanawake 5 wa Kihindi waishio Kenya, vilivyokakamaa hadi kufunguka kwa shida. Hali hiyo leo inajulikana kuwa matokeo ya popoo, na ni mlango mwingine wa saratani.

Kuna wanaosema kwamba kwa Kanda ya Kaskazini mjadala huu ni wa pembeni, kwani saratani inayowatia watu hofu huku ni ya umio. Ni kweli kwamba mikoa ya mashariki mwa Afrika, Kilimanjaro ikiwemo, imo katika ukanda ambao saratani ya umio ni nyingi kupita kawaida, na watafiti wamefika kwenye miteremko ya mlima kupima joto la chai watu wanapoanza kuinywa. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 yamkini huchangia saratani hiyo. Lakini tazama tofauti ya viungo hivi viwili. Umio hauonekani bila mpira wenye kamera, na kamera hiyo haipo zahanati ya Uru wala ya Mwika. Kinywa kinahitaji kioo, tochi ya simu na dakika tatu. Kama tumbaku na pombe zinaudhuru umio na kinywa kwa pamoja, basi kinywa ni dirisha la kuchungulia madhara yanayoendelea gizani. Kulipuuza dirisha kwa sababu chumba kilicho ndani ni kibaya zaidi hakuna mantiki.

Na ushahidi kwamba kutazama tu kunaokoa uhai upo. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, wilaya ya Trivandrum, watu wapatao 190,000 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1996, nusu yao wakitembelewa nyumbani na wahudumu waliofunzwa kuchungulia vinywa kwa mwanga na macho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku na pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa karibu theluthi moja katika kundi lililochunguzwa. Kwa watu wote kwa jumla, wakiwemo wasiotumia, punguzo halikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika, na ni haki kulisema hilo. Kerala si Moshi. Kule saratani ya kinywa ni nyingi mno kuliko huku. Hata hivyo somo la njia linabaki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari hupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya watoto na wajawazito, akijua kutenganisha utando na baka, ana zana ya kutosha kumwambia mvuta sigara wa Kiboriloni aende kwa tabibu wa kinywa na meno wiki hii. Mwaka 2020 duniani takriban watu 377,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 177,000 walifariki kwayo. Wengi wa waliofariki walibeba, kabla ya hapo, kitu kilichoweza kuonwa na mtu mwenye tochi.

Sasa nikiri udhaifu wa kipimo cha kitambaa, maana mtaalamu atakishambulia na atakuwa na haki. Yapo mabaka meupe yasiyofutika na ambayo hayaelekei kwenye saratani. Jino lenye ncha likisugua shavu kwa miaka huliachia ugumu mweupe. Kuna fangasi sugu wanaoshikamana hadi hawatoki. Kuna pia baka lenye mistari kama manyoya pembeni mwa ulimi, lililoelezwa San Francisco mwaka 1984 kwa watu wenye VVU, na ambalo matabibu waliliita nalo lukoplakia ingawa husababishwa na kirusi kingine na halielekei kuwa saratani. Hapo hata Kigiriki chenyewe kimejikwaa. Upande wa pili, kufutika kwa utando si cheti cha usalama, kwani fangasi mdomoni mwa mtu mzima ni sababu ya kutosha ya kupimwa afya. Kwa hiyo kitambaa hakitoi hukumu. Kinachojulisha kwa hakika ni kinyama kidogo kinachokatwa kwa ganzi na kupelekwa maabara, kazi inayofanyika kwenye hospitali kubwa kama KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Kazi ya neno ni ya mwanzo zaidi: kumfanya mtu aache kusugua, aanze kuhesabu siku. Baka, kidonda au uvimbe uliokaa kinywani zaidi ya wiki tatu bila kupona, uume au usiume, umevuka muda wa dawa za dukani. Vivyo hivyo jino linalolegea bila sababu, ganzi ya ulimi au mdomo, na mtoki shingoni usiopungua.

Lipo pia shauri la kuacha yote haya na kuandika lukoplakia, liingie katika Kiswahili kama lilivyoingia neno malaria. Malaria iliingia kwa sababu kila mtu aliiugua, na neno likapata mwili. Lukoplakia ingebaki kwenye faili la mgonjwa. Mfano bora zaidi uko karibu. Kwa muda mrefu tuliandika saratani ya shingo ya kizazi, tukifuata Kilatini kilichoiita sehemu hiyo shingo. Mlango wa kizazi umelipokonya jina lile nafasi kwa sababu mlango unaeleza kazi na mahali, na ndilo jina lililowafikia wazazi wakati chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilipoanza kutolewa kwa majaribio kwa wasichana wa mkoa huuhuu wa Kilimanjaro mwaka 2014, kabla ya kuenea nchi nzima mwaka 2018. Waliochagua mlango badala ya shingo hawakupunguza usahihi wa kitaalamu hata kidogo.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likiombwa kusanifisha istilahi hii, kidahizo ningekipendekeza kiwe hivi: baka jeupe la kinywa, wingi mabaka meupe ya kinywa; sehemu ya ngozi laini ya ndani ya kinywa iliyogeuka nyeupe, isiyofutika kwa kitambaa, isiyo na maumivu kwa kawaida, ambayo haielezeki kwa ugonjwa mwingine na inayoweza kutangulia saratani; hutokea zaidi kwa watumiaji wa tumbaku, pombe na popoo; tofautisha na utando mweupe wa fangasi; taz. pia baka jekundu.